Wamemcheka kwa Kitakachoota, Wakasifia Kilichoharibika

Wiki iliyopita staa mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni, wajanja wanamjua) alinaswa kwenye klipu fupi akishuka kwenye gari bila kofia. Mitandao ikachafuka. Ni wiki sita tu tangu atoke Istanbul kupandikiza nywele, na mbele kulikuwa kweupe kama siku aliyopanda ndege kwenda huko. "Kapigwa!" "Si bora angenunua kiwanja." Wengine wakamtengenezea stika za WhatsApp kabla jua halijazama.

Sasa cheki mambo. Hao hao wanaotoa povu ndio waliomwaga makopa mwezi mmoja tu nyuma, jamaa alipoposti picha ya siku ya 10 akiwa na nywele fupi zimejaa, laini ya mbele imenyooka kama imepigwa rula. "Fundi kaua." "Kazaliwa upya." Kuna mpaka waliouliza bei.

Yaani wamekosea mara mbili, na mara zote mbili kwa kujiamini kabisa.

Picha ya siku ya 10 siyo matokeo. Ni vinywele vilivyong'olewa kisogoni pamoja na mizizi yake vikachomekwa mbele, basi. Vigaga vikishabanduka, kati ya wiki ya 2 na ya 8 hivi, vinywele vyenyewe vinapukutika, karibu vyote. Mzizi unabaki chini ya ngozi umelala. Unaanza kuamka mwezi wa 3 au wa 4, mwezi wa 6 ndio angalau mtu anaona kitu, na hesabu kamili inafungwa mwezi wa 12. Utosini huwa kunachelewa zaidi, wakati mwingine hadi mwezi wa 18. Hata nywele za asili zilizokuwa jirani zinaweza kudondoka kwa muda kwa sababu ya mshtuko wa upasuaji. Kwa hiyo wiki ya 6 mtu aliyepandikizwa na daktari bora duniani na mtu aliyechezewa na mafundi wa uchochoroni wanaweza kufanana kabisa. Anayetoa hukumu hapo anapiga ramli.

Ila upande wa pili nao usijifiche. Kauli ya "subiri mwaka uishe" ni ya kweli, na ndiyo maana matapeli wanaipenda. Mteja akilalamika anaambiwa subiri. Akituma picha anaambiwa subiri. Mwaka ukiisha, namba ya WhatsApp ya kliniki haipatikani. Kuna vitu havihitaji mwaka hata kidogo. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, ngozi inayogeuka nyeusi: hivyo ni vya hospitali leo hii. Na laini ya mbele ilipochorwa ndipo itakapobaki. Haisogei.

Na hapo ndipo penye msiba wa huyu staa, ambao hakuna hata komenti moja iliyougusa. Ile laini iliyoshangiliwa siku ya 10 imeshushwa chini mno, na pembe za paji zimezibwa zote, kama za mtoto wa darasa la tano. Kijana bado hajafika 30. Upara wa kurithi haukomi kwa sababu mtu kapandikiza. Nywele za asili nyuma ya ile laini zitaendelea kurudi nyuma miaka na miaka, wakati zile zilizohamishwa zinabaki pale pale, kwa sababu nywele za kisogoni hubeba tabia ya kisogoni popote zinapopelekwa. Hilo daktari Norman Orentreich wa New York alilionyesha tangu miaka ya 1950. Akifika 40, anaweza kuwa na ukuta wa nywele mbele na uwanja mtupu nyuma yake. Atataka kuujaza kwa nini? Akiba ya kisogo haina kujaza upya. Kila mzizi uking'olewa pale, haurudi. Kwa watu wengi ni elfu chache tu kwa maisha yote, na yeye alijisifu laivu kwamba kawekewa 4,500 kwa siku moja, kama mtu anayetangaza kamaliza mahari. Kamaliza akiba.

Nani alimpeleka? Dalali. Hawa maarufu wa mitandao wanaofanyiwa bure au kwa bei ya kutupwa, kisha wanaposti kliniki na kula cha juu kwa kila kichwa kinachofuata. Wengi wanaposti siku ya 10 kwa sababu ndiyo siku nzuri. Wakiposti baadaye, taa inapigwa kutoka mbele na unga wa kuficha ngozi umenyunyizwa. Anayetaka ukweli aangalie picha ya mwezi wa 12 na kuendelea, mwanga wa juu, nywele zimelowa, na kisogo kimeonyeshwa. Kliniki isiyo na picha hizo inajieleza yenyewe.

Istanbul siyo tatizo. Kuna madaktari wanaojua kazi kule, kama ilivyo kwingine. Tatizo ni zile kliniki za kifurushi, hoteli na gari la kukupokea humo humo, ambapo daktari anapita kusalimia na kisu kinashikwa na fundi asiye na leseni ya kumpasua mtu. Jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa upandikizaji wa nywele, ISHRS, imefanya kampeni kubwa kuhusu hilo hilo. Swali la kwanza la mteja lisiwe bei. Liwe: nani atachimba mizizi, nani atatoboa sehemu ya kupandikiza, na jina lake liandikwe.

Na kwa nywele za Kiafrika kuna la ziada ambalo madalali hawalitaji. Nywele ya kipilipili imejikunja hata chini ya ngozi. Fundi aliyezoea nywele zilizonyooka anaingiza mashine wima na kukata mzizi katikati; umetoka kisogoni, na mbele hautaota. Pia ngozi nyeusi ina hatari kubwa zaidi ya keloidi, yale makovu yanayovimba. Habari njema ni kwamba kipilipili kinafunika ngozi vizuri, kwa hiyo mara nyingi idadi ndogo inatosha. Daktari anayeonyesha vichwa vya Wazungu na Waarabu tu hajaonyesha chochote kwa mteja wa Mbagala.

Akina dada nao wanafuatwa sasa hivi, hasa walionyonyoka mbele kwa misuko ya kubana. Hao inabidi wapimwe kwanza. Kuna ugonjwa wa ngozi unaoua mizizi na kuacha kovu, unaanzia utosini, na kupandikiza juu yake ukiwa bado unaendelea ni kupanda mahindi kwenye moto. Kliniki inayokubali kichwa kwa picha ya simu, bila daktari wa ngozi kukigusa, inaona pochi tu.

Staa karudi kwenye kofia. Dalali wake, wakati watu wanacheka, kaposti namba mpya ya punguzo. Picha aliyoweka ni ile ile ya siku ya 10.