Kichocho Si Uzinzi

Watu wengi katika nchi yetu hudhani kwamba kichocho ni ugonjwa wa watoto wa shule wanaokojoa damu. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili inawaumiza wanawake ambao hawana pa kulisemea neno hilo.

Mwanamke asimamaye majini akipanda mpunga, au afuaye nguo bwawani, hupenywa ngozi na vijidudu vitokavyo kwa konokono. Vikikomaa huwa minyoo, na mayai yake hayaishii kibofuni tu. Mengine hukwama ukeni na katika shingo ya kizazi, yakafanya mabaka yenye chembe kama za mchanga. Ndipo huja kuwashwa, kutokwa na uchafu, maumivu, na damu baada ya tendo la ndoa. Wengine hukosa kuzaa. Umoja wa Mataifa wakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 katika Afrika wanao ugonjwa huu, wala si mpya: uliandikwa na daktari huko Misri mwaka 1899.

Basi mama huyu aendapo zahanati, mara nyingi huulizwa maswali mawili matatu, akapewa dawa za magonjwa ya zinaa, akaambiwa amlete na mume. Dawa hizo haziui minyoo. Arudipo mara ya pili na ya tatu na dalili zile zile, mume huanza kuzihesabu safari zake za sokoni. Si ajabu nyumba ikavunjika kwa kosa ambalo hakuna aliyelitenda.

Hatusemi kwamba kila uchafu ni kichocho. Kisonono kipo, fangasi wapo, saratani ipo, na dalili zake hufanana. Kwa sababu hiyo hiyo twasema kubahatisha hakutoshi. Hana budi kutazamwa. Kupima mkojo kwafaa, lakini mkojo waweza usionyeshe yai hata moja, ilhali mayai yamo katika shingo ya kizazi. Kinachotakiwa ni kitanda, taa, pazia, chombo cha kufungulia njia ya uzazi, na mkunga aliyefundishwa kuyatambua mabaka hayo. Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu cha picha kwa kazi hiyo mwaka 2015. Na akiisha kulala kitandani, shingo ya kizazi yaweza pia kupakwa siki ili dalili za saratani zitazamwe. Siki si kitu cha kuagizwa Ulaya.

Dawa ya prazikwanteli huiua minyoo, ila makovu ya zamani huweza kubaki, kwa hiyo kuchelewa ni hasara. Kwa miaka mingi dawa hiyo imegawiwa zaidi shuleni, na mama aliye shambani akapitwa. Mwaka 2022 Shirika hilo lilishauri kwamba penye ugonjwa mwingi wapewe watu wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwamo.

Wanaume wenzetu, kabla hamjamrudisha mke kwao, mpelekeni akatazamwe. Nao wajumbe wa kamati za zahanati, hasa katika vijiji vya mpunga vya Mwanza na Shinyanga, na huko Unguja na Pemba, tunawataka waingie katika chumba cha uchunguzi juma hili, waone kama kina taa na pazia.