Waliuliza umri, hawakuuliza saa

Ndugu zangu, leo mnisamehe, nina hasira.

Bibi yangu ana miaka 84. Alianguka jikoni saa 1 asubuhi. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki, maneno hayatoki. Kabla ya saa 2 tulikuwa mapokezi ya hospitali moja ambayo sitaitaja. Aliyetupokea hakuuliza dalili zimeanza saa ngapi. Aliuliza umri. Tukamjibu, akatutazama kwa huruma: "Bibi ameshakula chumvi nyingi, mshukuruni Mungu." Kipimo cha CT-Scan kilifanyika jioni.

Jioni! Kwa kiharusi cha damu kuganda, jioni ni mwaka ujao. Dawa ya kuyeyusha lile donge, alteplesi, ilionyesha faida kwenye utafiti wa Marekani wa 1995 kwa waliopewa ndani ya saa 3. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza mpaka saa 4 na nusu. Baada ya hapo faida inayeyuka badala ya donge. Na bila CT-Scan huwezi kuitoa, maana kama mshipa umepasuka, dawa hiyo hiyo inaua.

Sasa hii habari ya umri ilitoka wapi? Ule utafiti wa 2008 haukupokea mtu aliyezidi miaka 80. Kibali cha dawa hiyo huko Ulaya nacho kiliishia 80 kwa miaka mingi. Yaani unamkatalia mzee kuingia kwenye utafiti, kisha unamnyima dawa kwa kuwa haijatafitiwa kwa wazee. Hii akili ya wapi jamani?

Mwaka 2012 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliowapokea wazee: wagonjwa 3,035, na 1,617 kati yao walikuwa na zaidi ya miaka 80. Mwaka 2014 wataalamu wakajumlisha majaribio 9, watu 6,756. Wakakuta kinachoamua faida ni muda. Umri haukuiondoa. Mwongozo wa Marekani wa 2018 ukasema wazi: ndani ya saa 3, aliyezidi 80 na asiyefika 80 wote wanastahili.

Nisieleweke vibaya. Dawa hii si maji ya kunywa. Katika ile hesabu ya 2014, karibu watu 7 kati ya 100 waliopewa walivuja damu vibaya kichwani, wakati kwa wasiopewa alikuwa kama 1. Wengine walikufa kwa sababu hiyo. Daktari akiniambia, "Bibi yako anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, naogopa," nitamwelewa. Akiniambia, "Dawa hatuna, na ni ghali," nitamwelewa pia, hospitali zetu nyingi hazina kweli. Lakini hata aspirini haitakiwi kutolewa kabla ya kujua kama damu imevuja au imeganda. Kwa hiyo kipimo cha haraka kingefaa hata bila alteplesi. Kukaa kwenye benchi kulimfaa nani?

Kuna wasomi watasema kidogo kilichopo wapewe vijana. Haya. Mzee anayenusurika akiwa hawezi kujilisha anahudumiwa na nani? Na binti anayeacha kazi mjini, au mjukuu anayeacha chuo. Piga hesabu hiyo nayo.

Na sisi wenyewe tusijifanye watakatifu. Nyumba ngapi wanasema ni upepo mbaya, wanamchua mzee kwa mafuta mpaka adhuhuri, halafu ndipo watafute teksi? Kwetu tuliwahi, tukaenda kupotezea muda mapokezi.

Bibi sasa anashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Maneno yameanza kurudi, moja moja. Juzi aliniuliza kwa taabu kwa nini siku ile tulikaa sana kwenye benchi. Nikamwambia foleni ilikuwa ndefu.