Utafiti wa samaki uwafikie walaji kwa Kiswahili

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kauli hii ya wahenga inathibitishwa vyema na kisa cha mji wa Minamata, ulioko katika kisiwa cha Kyushu nchini Japani.

Tangu mwaka wa 1932, kiwanda cha kampuni ya Chisso mjini humo kilitumia zebaki katika kutengeneza kemikali, na majitaka yake yakamwagwa baharini. Katika miaka ya hamsini, paka wa wavuvi walianza kupepesuka na kuzunguka kana kwamba wamepagawa. Kisha ikafika zamu ya wanadamu. Mnamo Mei 1, 1956, Dkt Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kampuni hiyo hiyo, aliiarifu idara ya afya kuwa pamezuka maradhi yasiyojulikana ya neva. Watoto walikuwa wakishindwa kutembea na kusema.

Kufikia Julai 1959, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikuwa wameinyoshea zebaki kidole. Mwezi Oktoba mwaka huo, paka ambaye Hosokawa alimlisha chakula kilichotiwa majitaka ya kiwanda aliugua vivyo hivyo. Wakuu wa kampuni walimzuia asiendelee, na matokeo yakafichwa. Serikali ilikiri chanzo cha maradhi Septemba 1968, miaka tisa baadaye. Hosokawa alitoa ushahidi wake akiwa kitandani hospitalini mwaka wa 1970, na mwaka huo huo akafariki. Waathiriwa waliotambuliwa rasmi walizidi 2,000.

Sumu hii hufanyaje kazi? Zebaki ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki. Viumbe wadogo huinyonya, samaki wadogo huwala viumbe hao, na wakubwa huwala wadogo. Kila hatua sumu huzidi kulimbikizana. Haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Aidha, hupenya kondo la nyuma na kumdhuru mtoto tumboni, hata pale mama anapoonekana mzima.

Msomaji atauliza: ya Japani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, uliotiwa saini mwaka wa 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, ulijadiliwa chini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu papa hapa Nairobi. Fauka ya hayo, wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Migori na Kakamega hutumia zebaki kunasia dhahabu, kisha huichoma ivukizwe. Mito ya sehemu hizo humiminika katika Ziwa Victoria.

Sisemi haya ili watu wasusie samaki. Uchunguzi mwingi uliofanywa katika ziwa hilo ulipata kiwango cha zebaki kilicho chini ya mipaka ya kimataifa, na samaki ni chakula chenye manufaa makubwa. Yanayohitajika ni maelezo mahususi: kwamba mbuta mkubwa aliyeishi miaka mingi huwa na zebaki nyingi kuliko mdogo, kwamba omena, aishiye muda mfupi, huwa nayo kidogo, kwamba mja mzito wa Pwani afadhali aepuke papa na achague samaki wadogo.

Maelezo ya namna hiyo yana maana ikiwa yatamfikia mlaji. Kwetu hapa, hapana haja ya mtu kuagiza matokeo yafichwe. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza kizito, zikahifadhiwa maktabani, nasi tukaridhika kwamba zimechapishwa. Kwa mchuuzi wa samaki ufuoni, tofauti baina ya ripoti hiyo na ile iliyofungiwa kabatini Minamata ni ndogo mno.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Neno zebaki lenyewe linawasuta. Tulilipata kutoka Kiarabu, na limo katika kamusi zetu. Wala istilahi si jambo la wanaisimu peke yao. Kule Minamata, watu walipoyaita maradhi yale "ya ajabu", majirani waliwatenga wagonjwa wakidhani yanaambukiza. Jina lisiloeleza chanzo liliwaongezea wagonjwa mateso.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Iweje basi habari zinazohusu chakula chake zitolewe kwa lugha asiyoimudu?

Napendekeza kila utafiti kuhusu samaki unaogharimiwa na umma uambatane na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, na kwa fuo za Ziwa Victoria uwepo wa Kidholuo pia. Walimu wa sayansi na wa Kiswahili nao washirikiane kuwapa wanafunzi zoezi la kufafanua ripoti moja kwa lugha ambayo mvuvi ataielewa. Mwanafunzi atakayelifanya vyema atakuwa amejifunza masomo mawili, na mvuvi atakuwa amejua anachowalisha wanawe.