Adabu Si Kunyamaza

Katika likizo iliyopita kaka yangu, ambaye anasoma Marekani katika jimbo la Minnesota, alitupigia simu nyumbani. Kwa kawaida sauti yake huwa ya furaha, lakini siku ile ilikuwa ya chini. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze lililompata, maana naona latuhusu sote.

Kaka yumo katika chuo cha miaka miwili. Huko ni jambo la kawaida mtu kuanza katika chuo cha namna hiyo, ambacho ada yake ni nafuu, kisha akahamia chuo kikuu amalizie shahada ya miaka minne. Vyuo vikuu vingine, kama kile cha California, kwa kawaida havimtaki mwanafunzi anayehama alete barua za waalimu; hutazama masomo na alama zake. Lakini vingine, kama Harvard na Yale, hutaka barua mbili za waalimu waliomfundisha. Chuo alichokitaka kaka ni cha namna hii ya pili.

Alama zake zilikuwa nzuri sana. Basi zilipobaki siku kumi, alimwendea mwalimu wake wa hesabu akaomba barua. Mwalimu akamjibu kwa upole: "Alama zako nazijua, lakini wewe sikujui. Nikiandika, barua yangu haitakufaa." Kaka alikuwa amekaa nyuma ya darasa mwaka mzima bila kufungua kinywa. Mwalimu wa kemia alikubali siku ile ile, kwa sababu kaka alizoea kumfuata ofisini kumwuliza yaliyomshinda. Barua moja ikapatikana, ya pili ikakosekana, na siku ya mwisho ikapita. Sasa yampasa kungoja mwaka mzima, na baba ameanza kuhesabu ng'ombe waliobaki.

Wapo watakaosema kwamba barua hizi ni upendeleo tu, na kwamba chema chajiuza. Mimi siafiki. Alama husema mtu amepata nini. Hazisemi alifanyaje aliposhindwa, wala kama huwasaidia wenzake. Hayo huyajua mwalimu aliyemwona. Tena huko fomu humwuliza mwanafunzi kama anakubali kuiacha haki yake ya kuisoma barua hiyo, haki aliyopewa na sheria ya mwaka 1974. Wengi hukubali, ili chuo kiamini kwamba mwalimu ameandika kwa uhuru. Basi mwanafunzi hutia sahihi, asijue kitakachoandikwa juu yake. Atatuliaje moyo, ikiwa mwalimu hamjui?

Nilipomwuliza kaka kwa nini hakusema darasani, alinijibu: "Mdogo wangu, nilidhani ndiyo adabu." Neno hilo lilinichoma, maana nami ni vivyo hivyo. Kwa miaka hii yote sijapata kubisha hodi katika chumba cha waalimu kwa ajili ya swali. Nimebisha kupeleka madaftari tu. Karibu nitaondoka hapa, na Mwalimu Mkuu ataandika habari za tabia yangu. Ataandika nini, ila kwamba sikufanya fujo?

Wenzangu wa vidato vya chini, msingoje kidato cha nne. Kuuliza si ujinga. Kila mmoja ajulikane na mwalimu mmoja au wawili kwa kazi yake, si kwa kujipendekeza. Siku ya kuomba barua ikifika, ombeni mapema, mwezi mmoja au zaidi. Mkumbusheni mwalimu kazi mliyofanya kwake, mtajieni na tarehe ya mwisho. Kisha rudini kumshukuru, hata kama huko mlikoomba mmekataliwa.

Waalimu wetu, twawaomba kwa heshima: mwanafunzi akiuliza swali na wenzake wakacheka, mnyamazisheni anayecheka, si anayeuliza. Nanyi wazazi, mmetufundisha kuwaamkia wakubwa, nasi twashukuru; tufundisheni pia kusema mbele yao.

Jumatatu iliyopita nilibisha hodi. Swali langu lilikuwa la fizikia, tena dogo. Mwalimu aliniuliza kwanza jina langu. Nikamtajia, naye akanieleza mpaka kengele ya chakula ikalia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne