Daftari la Wiki: Soko la Besi Zilizotumika

Gitaa la besi linalouzwa mara ya pili lina wanunuzi wa aina mbili, na bei hutegemea ni yupi amefika kwanza. Mmoja ni mkusanyaji: anataka rangi ileile ya kiwandani, skrubu zilezile, hata boksi lilelile lililokuja nalo. Mwingine ni mpigaji wa kujifurahisha, mwenye kazi nyingine inayomlisha, anayepiga Jumamosi na wenzake au Jumapili kanisani. Huyu anataka chombo kinachoshika tuni na kisichomuumiza bega. Kinachomkera mkusanyaji mara nyingi ndicho kinachompunguzia mpigaji bei, na sehemu kubwa ya biashara ya besi zilizotumika inaishi ndani ya tofauti hiyo.

Chombo chenyewe kilibuniwa kwa namna inayorahisisha biashara hii. Mtengenezaji Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951 huko California, shingo ilifungwa kwenye bodi kwa skrubu nne, bila gundi. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani ulikuwa inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo, na viwanda vingi bado vinatumia kipimo hicho. Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi na pikapu mbili. Besi nyingi zinazouzwa leo, ziwe na jina la Fender au jina jingine, ni za ukoo wa hizo mbili. Fundi anaweza kufungua, kubadili kipuri na kufunga tena mchana mmoja. Ndiyo sababu pia besi ya miaka arobaini huwa imepitia mikono mingi na vipuri vingi, na muuzaji mwenyewe huenda hajui ni vipi vilivyotoka nayo kiwandani.

Besi mpya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake mara inapotoka dukani. Hasara hiyo humwangukia mmiliki wa kwanza. Baada ya hapo bei hutulia, na besi ya kiwango cha kati iliyotunzwa inaweza kuuzwa mara tatu, mara nne, kwa bei zinazokaribiana. Mpigaji anayenunua iliyotumika, akaipiga mwaka mzima na kuiuza, kiasi anachopoteza ni sawa na kodi ndogo ya kukodi chombo. Wapo wanaoishi hivyo miaka mingi: leo nyuzi nne, mwakani nyuzi tano, kisha wanarudi kwenye nne. Wengine hawatoi fedha taslimu kabisa, hubadilishana besi kwa besi na mwenye chombo hafifu akaongezea kidogo.

Kwa mkusanyaji hesabu ni nyingine. Kampuni ya Fender iliuzwa kwa shirika la CBS Januari 1965 kwa dola milioni 13, na tangu hapo maneno “kabla ya CBS” yamekuwa yakipandisha bei. Ukweli wa karakana ni kwamba mikono na mashine za Desemba 1964 ndizo zilizoendelea Februari 1965, na ghala lilikuwa na vipuri vilevile. Anayelipa ziada kwa ajili ya miezi hiyo michache analipia kalenda. Upande wa pili kuna Squier za Japani zilizoanza kutoka mwaka 1982, kazi ya kiwanda cha FujiGen mjini Matsumoto. Zilitolewa ziwe za bei nafuu, lakini zikatengenezwa vizuri kiasi kwamba zile ambazo namba zake huanza na herufi JV sasa zinatafutwa na kununuliwa ghali. Wauzaji wa magitaa ya zamani wana kanuni yao ya mdomo pia: rangi iliyopakwa upya hukata karibu nusu ya bei ya gitaa la kale. Rangi mpya haimzuii mtu kupiga. Mpigaji anayependa sauti ya chombo cha zamani na hana fedha za makumbusho, hapo ndipo pa kutazama.

*

Shingo ndiyo inayoamua. Nyuzi nne zilizokazwa barabara huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 usiku na mchana, na kinachopingana nazo ni mti pamoja na nondo nyembamba iliyopitishwa ndani yake. Mnunuzi hubana uzi kwenye freti ya kwanza na pia pale shingo inapokutana na bodi, kisha hutazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba. Ikitosha kupitisha karatasi ngumu, shingo iko sawa. Uzi ukigusa kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda kwa nyuma. Ukiwa juu sana, imepinda kwa mbele. Yote mawili hurekebishwa kwa kuzungusha nati ya nondo robo mzunguko kila mara, mradi nati hiyo bado ina nafasi ya kuzunguka. Swali la kumuuliza muuzaji ni hilo hasa: je, nondo bado inafanya kazi? Nati iliyokwisha kukazwa hadi mwisho, au iliyoliwa na bisibisi isiyo ya saizi yake, inaweza kudai matengenezo yenye gharama kubwa kuliko besi yenyewe.

Mti hunywa unyevu na kuutoa. Besi iliyokaa miaka katika nchi kavu ikaletwa Mombasa au Tanga itasogea wiki za mwanzo, na kusogea huko si ubovu. Inatakiwa kuachwa izoee hewa ndipo irekebishwe. Ubovu ni shingo iliyojisokota, upande wa uzi mnene ukielekea huku na wa uzi mwembamba kule. Hiyo iachwe, hata bei ikishuka vipi.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwa macho. Kwenye besi nyingi zenye shingo ya skrubu, noti moja au mbili za uzi wa G, karibu na freti ya tano hadi ya saba, hufa mapema kuliko jirani zake. Shingo yenyewe hutikisika kwa masafa yanayokaribiana na noti hiyo na kuinyang’anya nguvu. Besi ghali zinayo, na za bei ya chini zinayo. Si sababu ya kukataa kununua, lakini apigaye noti ndefu za taratibu ataichoka haraka kuliko apigaye za kukatakata. Dawa yake haimo kwenye nondo wala kwenye nyuzi mpya. Wengine hufunga kipande cha chuma kichwani kuongeza uzito, na noti iliyokufa huhamia freti nyingine.

Freti zilizochimbika chini ya nyuzi zinasawazishwa na fundi, mara moja au mbili katika maisha yake, kabla ya kulazimika kung’olewa zote. Gharama hiyo ikatwe kwenye bei kabla ya fedha kutoka mfukoni.

*

Upande wa umeme ndio unaotisha wengi na ndio wenye mambo madogo. Kitufe cha sauti kinachokwaruza kikizungushwa kwa kawaida kina vumbi tu, na dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme humaliza kelele hizo. Mnunuzi mjanja hukunja uso anaposikia mkwaruzo na kuomba punguzo. Muuzaji mjanja zaidi hupuliza dawa asubuhi ya siku ya kuuza. Tangu Music Man StingRay ya mwaka 1976, besi nyingi zina kikuza sauti cha ndani kinachotumia betri ya volti 9. Kwa kawaida kebo ikichomekwa ndiyo inayowasha mtambo huo, kwa hiyo besi inayoachwa na kebo yake huendelea kula betri hata isipopigwa. Si ajabu besi “mbovu” iliyouzwa kwa bei ya kutupa ikapona kwa betri moja.

Humohumo ndani ya tundu la vitufe mna ushahidi wa umri. Vifaa vya kudhibiti sauti vya viwanda vya Marekani hupigwa muhuri wa namba: 137 ni ya kiwanda cha CTS, 304 ni ya Stackpole, kisha hufuata mwaka na wiki. Namba 1376612 inasoma CTS, mwaka 1966, wiki ya 12. Besi haiwezi kuwa imefungwa kabla ya hapo kama kifaa hicho ndicho cha awali, ingawa inaweza kuwa imefungwa baadaye. Tarehe iliyopigwa chini ya kisigino cha shingo nayo inasema shingo ilitengenezwa lini, si zaidi. Cha kuaminiwa mwisho kabisa ni jina lililo kichwani, kwa kuwa nembo za kubandika zinauzwa peke yake na kila mwenye mikono mitulivu anaweza kuzibandika. Ushahidi unaokubaliana ndio wenye uzito: shingo, vifaa vya ndani na namba ya kiwandani vyote vikielekea mwaka mmoja.

Tangazo linalosema “ipo poa, haina tatizo” halijasema kitu. Lenye maana hutaja uzito kwa kilo, kwani besi za bodi ya mbao huanzia kama kilo tatu na nusu na nyingine hufika tano, tofauti inayosikika begani baada ya saa moja ya kusimama. Huonyesha pia picha ya nyuma, picha ya kisigino cha shingo na hali ya freti, na hutaja kilichobadilishwa.

*

Amplifaya zina soko lao, na hapo mpigaji ana nafasi kubwa kuliko kwenye magitaa. Ampeg SVT ya mwaka 1969 ilitoa wati 300 kwa valvu, nguvu isiyo ya kawaida kwa besi wakati huo. Kichwa chake kina uzito wa karibu kilo 40, na sanduku lake la spika nane za inchi kumi ni mzigo wa watu wawili. Kisha zikaja amplifaya nyepesi za transista zinazowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, pamoja na spika zenye sumaku ya neodimiamu. Wati 500 sasa hubebwa katika mfuko wa kilo mbili au tatu. Wapigaji wanaohama ukumbi hadi ukumbi wakaanza kuuza vyuma vyao vizito, na bei za vyuma vya miaka ya 1980 na 1990 visivyo na jina kubwa zikaporomoka. Kwa kanisa au ukumbi wa mazoezi, ambako amplifaya haihami, hakuna ununuzi bora kuliko huo.

Kabla ya kuchomeka, isomwe lebo ya nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani volti 120, na umeme wa Afrika Mashariki ni 230 hadi 240. Nyingine zina swichi ya kuchagua, nyingine zinahitaji transfoma nzito kuliko faida ya bei. Spika nazo zina hesabu yake: mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya isiyoruhusu omu 4 inaweza kuungua.

Pedali hazina mengi ya kusimulia. Ni ndogo, hupostiwa kirahisi, na za chuma kama za Boss huvumilia miguu ya wapigaji watano mfululizo.

*

Besi inayovuka mpaka hubeba na mti wake. Fender za mwanzo wa miaka ya 1960 zina ubao wa vidole wa mti wa Brazili, *Dalbergia nigra*, uliowekwa tangu mwaka 1992 katika orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kuiuza nje ya nchi bila kibali ni kosa. Januari 2, 2017 spishi nyingine zote za Dalbergia ziliingizwa katika orodha ya pili, ukiwemo mpingo wetu, na kwa karibu miaka mitatu wauzaji wa magitaa ya kawaida kabisa walihangaikia karatasi. Novemba 26, 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa katika sharti hilo, isipokuwa vya mti wa Brazili.

Nchini Tanzania biashara ya mtu na mtu ilichelewa kwa sababu isiyohusu mti. Katika enzi ya dansi ya mashirika, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Mpiga besi aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake, gitaa likabaki. Cheo cha “mwenye vyombo” kilikuwa na nguvu kuliko cha kiongozi wa bendi, na mwanamuziki asiye na chombo hakuwa na cha kuuza wala cha kubadilishana.

Mwenye chombo chake naye ana hofu yake. Paul McCartney wa The Beatles alinunua besi ya Höfner mjini Hamburg mwaka 1961 kwa takriban pauni 30. Iliibwa ndani ya gari jijini London mwaka 1972, na kupatikana kwake kulitangazwa Februari 2024. Jazz Bass ya mwaka 1962 ya mpiga besi Jaco Pastorius iliibwa New York mwaka 1986 na ikaonekana tena miaka ishirini hivi baadaye. Precision ya mwaka 1962 ya James Jamerson, iliyosikika katika nyimbo nyingi za Motown, iliibwa muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1983 na haijulikani iliko. Magitaa ya watu mashuhuri kama hao yanaweza kutambuliwa kwa alama zake na kwa picha za zamani. Mwenye besi ya kawaida hana picha za magazetini, basi apige zake: namba ya kiwandani, kila mkwaruzo, kisigino cha shingo. Na anunuaye adai karatasi yenye jina la muuzaji, tarehe na namba hiyo, hata kama muuzaji ni rafiki wa kwaya moja.