Neno la Mhariri: Mawe Yanayoivuta Dira

Mawe ya Namoratunga yana tabia moja: yanaivuta sindano ya dira. Ukiisogeza karibu nayo kutafuta kaskazini, huenda ikakuonyesha kwingine kabisa. Ni nguzo za mawe ya volkeno zilizosimikwa ardhini zikiwa zimeinama, kila moja na upande wake, karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana. Malori yanayotoka hapa Eldoret hufika huko kwa kupitia Kitale na Lodwar, na madereva wengi wamewahi kuziona. Waturkana husimulia kwamba zamani mawe hayo yalikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe.

Mwaka 1978 watafiti wawili kutoka Marekani, Lynch na Robbins, waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo 19 zilipangwa kufuata macheo ya nyota ambazo Waborana hutumia katika kalenda yao, Kilimia ikiwamo. Walikadiria kwamba zilisimikwa mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo. Habari ikavuma. Afrika Mashariki ilikuwa na wanajimu wake wa kale, na ushahidi umesimama jangwani kila mtu auone! Miaka minne baadaye mwanaakiolojia Robert Soper alichapisha maoni yake, akaonyesha jambo ambalo hakuna aliyependa kulisikia: mawe yenyewe yana sumaku, kwa hiyo vipimo vilivyochukuliwa kwa dira haviaminiki. Wengine wakaenda kupima upya, na mwaka 1986 wakasema uhusiano na nyota bado upo hata vipimo vikisahihishwa. Kisha wachimbaji wa miaka ya karibuni wakaleta tatizo jingine. Nguzo za aina hii kandokando ya Turkana zilisimikwa yapata miaka 5,000 iliyopita, na pale Lothagam zinasimama juu ya makaburi ya mamia ya watu.

Tofauti hiyo ya tarehe si ndogo, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, na duru moja ya kuyumba huko huchukua takriban miaka 26,000. Nyota iliyochomoza mahali fulani miaka 5,000 iliyopita haikuchomoza mahali palepale miaka 2,300 iliyopita. Ukikosea umri wa jiwe, unalilinganisha na anga ambayo aliyelisimika hakuwahi kuiona.

Nimeanza na mawe haya kwa kuwa toleo hili lote ni la njiapanda za historia na mafumbo ya anga, na sijapata mfano unaoonyesha vizuri zaidi namna ninavyotaka tuyasimulie. Wasomaji wetu wanayapenda mambo haya mno. Barua zinazotufikia kuyahusu ni nyingi kuliko za siasa, jambo ambalo kwa mji huu ni ajabu kidogo. Lakini wengi wenu mmeyapata kwa yule msimulizi wa kwenye simu: sauti nzito, muziki wa kutisha, piramidi inazunguka, halafu maneno "siri waliyotuficha". Simchukii msimulizi huyo. Amewafanya vijana waipende historia kuliko mtaala ulivyoweza. Nina neno moja tu naye: hatuonyeshi dira yake. Anatwambia alichokiona, ila hasemi alikuwa amesimama wapi, alipima kwa nini, wala ni kitu gani kilikuwa kando yake kikiivuta sindano.

Tuje nyumbani.

Hakuna anayekaa Eldoret muda mrefu asikutane na mtu, iwe steji au mezani penye maziwa ya mursik, wa kumwuliza: "Unajua hapa nusura pawe Israeli?" Hilo si uzushi. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alisimamia pendekezo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kuteswa Urusi sehemu ya uwanda wa Uasin Gishu. Mpango ukaitwa "wa Uganda", ingawa tangu 1902 eneo hili lilikuwa limeshahamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Agosti mwaka ule wajumbe wa kongamano la Wazayuni walikutana Basel, Uswisi. Theodor Herzl, kiongozi wao, akawaomba wakubali angalau kutuma watu waje kuitazama ardhi. Waliokubali walikuwa 295, waliokataa 178, na baadhi ya waliokataa wakatoka ukumbini wakilia.

Watatu walitumwa, wakafika huku mapema 1905: Meja St. Hill Gibbons, Mwingereza. Alfred Kaiser, Mswisi. Na mhandisi Myahudi kutoka Urusi, Nahum Wilbusch. Waliitembea nchi ileile, kisha wakaandika mambo tofauti. Gibbons aliona panawezekana. Wilbusch aliona hapafai kabisa. Herzl alikuwa ameshafariki mwaka 1904, nao walowezi wa Kizungu waliokuwa Nairobi, Lord Delamere akiwa mbele, walikuwa wakiupinga mpango huo kwa kelele nyingi. Katikati ya 1905 kongamano la saba likaukataa.

Hadithi ya steji huishia hapo, na mwenye kusikiliza hubaki akiwazia Tel Aviv kando ya mto Sosiani. Ni wazo tamu, sikatai. Lakini angalia nani wametajwa humo: waziri wa London, wajumbe wa Basel, wapimaji watatu, walowezi wa Nairobi. Uwanda wenyewe unaonekana kama meza isiyo na sahani. Na ndivyo ulivyoandikwa katika karatasi za wakati ule, kwamba ni nchi tupu. Ulionekana mtupu kwa sababu Wamaasai wa Uasin Gishu, walioupa jina, walikuwa wamevunjwa nguvu kwa vita vya karne ya 19, na Wanandi walioutumia kwa malisho hawakuwa na hati ya kumwonyesha mgeni. Kabla yao wote walikuwapo wale tunaowaita Wasirikwa, na mashimo yao ya mviringo bado yapo kwenye nyanda hizi. Kwa muda mrefu wageni waliyadhania makazi ya watu, hadi uchimbaji ulipoonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, nyumba zikiwa zimejengwa ubavuni. Ardhi yenye mazizi ya karne kadhaa haiwezi kuitwa tupu.

Kwa hiyo mhariri wenu ana msimamo. Njiapanda ya uwanda huu haikuwa Basel. Ilikuwa kwenye vilima vya Nandi, tarehe 19 Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya lile kongamano la saba. Siku ile Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, alikwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani, akapigwa risasi akafa pamoja na watu aliofuatana nao. Upinzani wa Wanandi uliodumu takriban miaka 11 ukavunjika, wakasukumwa kwenye eneo walilotengewa. Miaka mitatu baadaye, 1908, Makaburu zaidi ya 200 wakiongozwa na Jansen van Rensburg walipanda kutoka Nakuru na magari yao ya kukokotwa na maksai, wakaikuta njia imeshafunguliwa. Mji huu ulitokana na yaliyofuata: posta mwaka 1910, jina la Eldoret mwaka 1912, reli mwaka 1924. Ukiiweka njiapanda Basel, watu wa hapa ni mandhari tu. Ukiiweka pale kilimani, wao ndio habari yenyewe.

Hata hivyo, na hapa nawaomba mniwie radhi enyi mliotaka hadithi iliyonyooka, dira ya kilimani nayo ina sumaku yake. Maelezo mengi yaliyoandikwa kuhusu siku ile ni ya Meinertzhagen mwenyewe, na shajara yake ya Kenya aliichapisha mwaka 1957, zaidi ya miaka 50 baada ya tukio. Alisema watu wa Koitalel walitaka kumwua yeye. Mabaraza ya uchunguzi ya wenzake yakamsafisha, lakini akaondolewa Kenya. Baadaye alijulikana duniani kama mtaalamu wa ndege, na baada ya kifo chake ikagundulika kwamba aliiba ndege waliokaushwa kutoka makumbusho, akawabandikia vibandiko vipya vyenye mahali pa uongo. Huyo ndiye shahidi wetu mkuu wa maandishi! (Na kama vile historia inapenda mzaha, huyuhuyu baadaye akawa ofisa wa Uingereza huko Palestina na mtetezi mkubwa wa Wazayuni.) Wazee wa Nandi wamesimulia tangu mwanzo kwamba ulikuwa usaliti, kwamba mkono ulinyoshwa kusalimia. Kwa nusu karne simulizi lao liliitwa porojo na maandishi yake yakaitwa ushahidi. Fimbo za uongozi za Koitalel zilirudi Kenya mwaka 2006 kutoka kwa jamaa ya Meinertzhagen. Mwandishi wetu kutoka Kapsabet anaeleza safari ya fimbo hizo katika ukurasa wa tisa, na sitamharibia utamu.

Msidhani nasema simulizi la mdomo siku zote ni sahihi. Waulize watu kwa nini mji huu uliitwa Sisibo. Wote watakubaliana kwamba jina hilo linatokana na namba 64, kisha watagawanyika: huyu atasema lilikuwa shamba namba 64, yule atasema ni maili 64 kutoka kituo cha reli. Nimeyasikia yote mawili kwa watu wa nyumba moja, tena kwa kiapo.

Kuhusu anga nitasema kwa ufupi, kwa kuwa makala yenyewe ni ndefu. Kila anayependa mafumbo amesikia kuhusu mashimo meusi, na wengi hudhani ni mambo ya Marekani tupu. Kumbe sehemu ya hadithi yao ilianzia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitaliano, lililosimama baharini upande wa kaskazini wa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, miali ambayo hewa yetu huizuia isifike ardhini. Mahali palichaguliwa kwa hesabu: karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa, na roketi hupata msukumo wa bure. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Uhuru ilikiangalia kitu kinachoitwa Cygnus X-1, ikaona mwanga wake wa eksirei ukipepesa katika muda usiofikia hata sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa upesi hivyo, kwa hiyo kilikuwa kidogo. Wataalamu wengine wakatazama nyota inayozungukana nacho, wakakuta kitu hicho ni kizito mno. Kidogo, kizito, hakionekani. Hata hivyo mwanafizikia Stephen Hawking aliweka dau na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi, akakubali kushindwa mwaka 1990. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinasema uzito wake ni kama mara 21 ya jua letu, na kiko umbali wa takriban miaka ya nuru 7,200. Napenda sana mwenendo wa hadithi hii: hakuna aliyeliona shimo, ila kila hatua ya kulifikia unaweza kuifuata kwa kidole.

Linganisha na tuliyofanya sisi tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilipoanguka kijijini Mukuku, Makueni. Kabla Shirika la Anga la Kenya halijasema kwamba ni kipande cha roketi, simu zilikuwa zimeshaleta vita vya dunia, viumbe wa sayari nyingine na mwisho wa nyakati. Mimi mwenyewe nilituma mojawapo ya jumbe hizo kwenye kundi la familia. Shangazi yangu hajanisamehe.

Toleo hili basi lina kanuni moja, nayo tumeisimamia hata pale ilipotukosesha kichwa cha habari kizuri: kila mwandishi aseme amejuaje. Makala mbili nzuri kwa maneno tumezirudisha kwa sababu hiyo. Wenyewe wamekasirika, nami nawakaribisha tena.

Kurasa za mwisho tumeziacha wazi kwa ajili yenu. Tunakusanya majina ya nyota kwa lugha zote zinazosemwa kuanzia Burnt Forest hadi Lodwar: Kilimia mwaiitaje nyumbani kwenu, huonekana mwezi gani, na ikionekana watu hufanya kazi gani shambani au malishoni? Tuandikieni. Tena mtuambie ni nani aliyewasimulia, alikuwa na umri gani, na alikuwa amesimama wapi alipoitazama.