Nani Mwepesi Zaidi?
Watoto wawili wa hapa Ruharo waligombana. Mmoja alikimbia mita 80 kwa sekunde 13, mwenziwe mita 100 kwa sekunde 16. Wa kwanza alidai ushindi kwa kuwa sekunde zake ni chache. Msiamue kwa kelele; gawanyeni mita kwa sekunde. Wa kwanza apata mita 6.15 kwa sekunde, wa pili 6.25, yaani kilomita 22.5 kwa saa. Ushindi ni wake.

Hayati John Akii-Bua, askari polisi wetu, aliruka viunzi 10 katika mita 400 mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82: kilomita 30.1 kwa saa. Kwa muda huo mshindi wetu, hata asingechoka, angefika mita 299 tu. Basi ajivune kwa kiasi.